Taa ya Njano: Maswali Yenu Kuhusu Msimamo wa Tanzania katika Amani na Usalama wa Dunia

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize chochote kuhusu misimamo ambayo Tanzania imekuwa ikiichukua kimataifa pale vita, mipaka na silaha zinapojadiliwa. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zimeandikwa na watu ambao mambo haya yamewagusa nyumbani kwao. Tumechagua nane. Pale tulipoona barua imebeba jambo zito tumeijibu kwa urefu, na pale jibu lilipokuwa fupi hatukulivuta.

Nilikuwa darasa la tatu Kyaka mwaka 1978, jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka na daraja la Mto Kagera likalipuliwa. Mama alinifunga mdogo wangu mgongoni, tukatembea usiku kucha. Mwezi Machi 2022 nchi yangu iliulizwa kuhusu Ukraine, nayo ikajizuia kupiga kura. Sisi tuliovamiwa, tumekosaje la kusema? (Msomaji, Bukoba)

Ndugu yetu, tuanze na lililotokea ukumbini. Katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, kuna ubao wenye majina ya nchi zote wanachama. Balozi akibonyeza kitufe mezani pake, taa huwaka penye jina la nchi yake: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni kujizuia. Tarehe 2 Machi 2022, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata taa 141 za kijani, 5 nyekundu na 35 za njano, na nchi 12 hazikuwasha taa yoyote. Kwa majirani zetu, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliwasha kijani, Uganda na Burundi njano. Taa ya Tanzania ilikuwa ya njano, na ilikuwa hivyo tena mwezi Oktoba mwaka huohuo, lilipopigiwa kura suala la Urusi kujitangazia kuwa majimbo manne ya Ukraine ni yake.

Hoja zinazotolewa kwa kawaida na nchi zilizojizuia si za kupuuzwa. Wapo wanaosema kwamba mpatanishi hawezi kuwa amekwisha kuhukumu, wapo wanaoona kwamba mataifa makubwa yaliyoandika azimio lile yalinyamaza wakati Iraq inavamiwa mwaka 2003, na wapo wanaokumbuka kwamba bunduki za wapigania uhuru waliofunzwa Kongwa na Nachingwea zilitoka kwa kiasi kikubwa katika Umoja wa Kisovieti na China. Yupo pia anayetazama bei ya ngano na mbolea, na hatuoni aibu yoyote katika hilo, maana serikali inalisha watu.

Hata hivyo, hoja ya deni la ukombozi haitutoshi, kwa sababu Tanzania ya wakati wa ukombozi wenyewe haikuitumia. Agosti 1968, majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalipoingia Czechoslovakia, serikali ya Mwalimu Nyerere ililaani hadharani, ingawa silaha za Msumbiji na Zimbabwe zilikuwa zikitoka hukohuko. Miaka 12 baadaye jambo hilo lilijirudia kwa namna ambayo kila Mtanzania angestahili kuifahamu. Umoja wa Kisovieti uliingiza jeshi Afghanistan, ukalizuia Baraza la Usalama kwa kura yake ya turufu, inayomwezesha mwanachama wa kudumu kuliangusha azimio peke yake, na shauri likahamishiwa katika kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu, njia ileile iliyokuja kutumika mwaka 2022. Aliyeketi katika kiti cha urais wa Baraza Kuu, Januari 1980, alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim. Azimio la kutaka majeshi ya kigeni yaondoke lilipita kwa kura 104 dhidi ya 18, nchi 18 zikajizuia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile 104. (Zambia, ambayo mwaka 2022 iliwasha kijani, mwaka ule wa 1980 ilijizuia. Misimamo ya nchi husafiri.)

Wewe unayekumbuka Kyaka unajua pia jambo la pili, ambalo linatuuma zaidi. Novemba 1978, Amin alipotangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda, Tanzania iliuomba Umoja wa Nchi Huru za Afrika utamke wazi kwamba ule ni uvamizi. Kilichokuja ni wajumbe wa usuluhishi na miito ya kusimamisha mapigano, kana kwamba waliochomewa nyumba na wachomaji walikuwa wamekoseana sawa. Mwalimu alikataa usuluhishi wa namna hiyo, akasema kwanza mvamizi alaaniwe. Kwa hiyo nchi yetu iliwahi kuitazama taa ya njano ya wenzake ikiwa imekaa upande wa pili, upande wa anayeingojea, na haikuiona kuwa ni busara.

Hatusemi kwamba kujizuia ni kosa kila mara. Tunasema ni kauli kama kauli nyingine, na katika suala la nchi kuchukua ardhi ya jirani kwa jeshi, Tanzania ilikuwa na historia iliyomwelekeza balozi wake kwenye kitufe cha kijani. Kama kulikuwa na sababu nzito za kuiacha historia hiyo, wananchi walistahili kuelezwa kwa kirefu, kwa Kiswahili, kabla ya kuisoma kura hiyo katika vyombo vya habari vya nje.

Tulifundishwa kwamba Tanzania haifungamani na upande wowote. Je, maana yake si hiyohiyo ya kutokuwa na upande katika kila ugomvi? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hapana, mwanangu, na mkanganyiko huu umeenea hata kwa watu wazima. Kutofungamana kulikuwa ni kukataa kujiunga na kambi ya kijeshi ya Magharibi au ya Mashariki, ili kila jambo lipimwe kwa uzito wake lenyewe. Mwalimu alilieleza kwa kusema kwamba hatutawaacha marafiki zetu watuchagulie maadui. Hakuna popote katika maneno hayo panaposema kwamba nchi isiwe na maadui, wala kwamba isiwe na maoni.

Tazama gharama iliyolipwa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipofanyika mwaka 1964, Zanzibar ilikuwa tayari na uhusiano na Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi haikulivumilia jambo hilo, na mwaka 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu hakubembeleza, bali aliiambia ichukue na misaada yake mingine yote. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, kwa kuwa ilishindwa kuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru wa wachache. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa, na uhusiano haukurudi mpaka mwaka 1968. Nchi ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru. Huo ndio uliokuwa mwenendo wa nchi isiyofungamana na upande wowote.

Nyakati zimebadilika, hilo ni kweli. Sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 iliweka diplomasia ya uchumi mbele, na toleo jipya la sera hiyo, lililozinduliwa Dar es Salaam mwezi Mei 2025, limeendelea na njia hiyo na kuongeza mambo kama vile kukikuza Kiswahili duniani. Diplomasia ya uchumi ina faida zake, lakini humfanya kila jirani na kila mwekezaji kuwa mtu wa kutokwazwa, na hapo ndipo taa ya njano inapoanza kuvutia.

Assalaam alaykum Bwana Mhariri. Sisi tulilelewa kwa kuambiwa kwamba Tanzania ni rafiki wa Palestina na wa Sahara Magharibi. Sasa tuna ubalozi Tel Aviv, na Mfalme wa Morocco alipokelewa Dar es Salaam kwa heshima zote. Je, tumeuza msimamo? (Msomaji, Mkunazini, Zanzibar)

Waalaykum salaam. Kwa Palestina, jibu ni kwamba msimamo haukuuzwa, ila sauti imeteremka. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 baada ya vita vya Oktoba, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika, na mwaka 1988 ikaitambua dola ya Palestina mara tu ilipotangazwa. Uhusiano na Israel ulirejeshwa mwaka 1995, na ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv mwezi Mei 2018. Kumbuka kwamba ni Tel Aviv na si Jerusalem, na kwamba mwezi uleule Marekani ilikuwa ikiuhamishia wake Jerusalem. Kwa mwanadiplomasia, tofauti hiyo ya mji mmoja na mwingine ndiyo msimamo wenyewe.

Katika kura, mstari haujapinda. Novemba 2012, Palestina ilipopewa hadhi ya dola mwangalizi kwa kura 138 dhidi ya 9, nchi 41 zikijizuia, Tanzania ilisema ndiyo. Tarehe 27 Oktoba 2023, Baraza Kuu lilipotaka mapigano ya Gaza yasimame kwa ajili ya ubinadamu, Tanzania ilisema ndiyo tena. Ilisema hivyo wakati ambapo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo walikuwa hawajulikani walipo tangu shambulio la Oktoba 7. Baadaye ilithibitishwa kwamba wote wawili walikuwa wameuawa. Nchi iliyofiwa na watoto wake katika shambulio lile, na bado ikaomba raia wa Gaza wasiuawe, ilitenda jambo la utu kwa pande zote mbili, nasi tunaliandika hapa kwa sababu halikusemwa vya kutosha.

Sahara Magharibi, ambayo Morocco inadai ni yake, ni suala jingine. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara tarehe 9 Novemba 1978, siku zilezile tulipokuwa tumevamiwa Kagera, na msingi wake ulikuwa kwamba lile lilikuwa koloni la Hispania ambalo wenyewe hawajaulizwa wanataka nini. Utambuzi huo haujafutwa na ubalozi wa Wasahara umeendelea kuwapo Dar es Salaam. Ni kweli kwamba Mfalme Mohammed VI alikuja Oktoba 2016, mikataba mingi ikasainiwa, na miezi michache baadaye, Januari 2017, Morocco ikarudi katika Umoja wa Afrika ikiwa imeketi ukumbi mmoja na jamhuri isiyotaka kuitambua. Kupokea mgeni si kosa. Tatizo ni kwamba utambuzi usiotajwa mara kwa mara hufifia wenyewe, kama wino wa bahasha iliyoachwa dirishani.

Mimi ni Mnigeria niliyeolewa Tanga na nimejifunza Kiswahili. Babu yangu wa upande wa mama alikuwa Biafra, na hadi alipofariki alikuwa na picha ya Nyerere ukutani. Lakini mume wangu ananiambia Nyerere ndiye aliyetaka mipaka ya Afrika isiguswe. Yapi ni ya kweli? (Msomaji, Tanga)

Yote mawili, dada yetu, na hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote katika historia ya diplomasia yetu.

Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Cairo, ni nchi yetu iliyoleta azimio la kuzitaka nchi zote ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. (Nchi yenyewe wakati huo ilikuwa bado haijaitwa Tanzania. Jina hilo lilikuja Oktoba.) Somalia na Morocco hazikukubaliana nalo. Waliolikubali walijua vizuri kwamba mipaka ile ilichorwa Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuiona mito waliyoikata, lakini waliona kwamba kuanza kuichora upya ni kuanza vita visivyo na mwisho. Ni hoja hiyohiyo ambayo balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliisimamia mbele ya Baraza la Usalama mwezi Februari 2022 alipoizungumzia Ukraine, na dunia ikampigia makofi. Sisi tulimsikiliza tukijua chimbuko lake.

Miaka minne baada ya Cairo, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililokuwa limejitenga na kuingia vitani, yaani kuutambua mpaka mpya katikati ya nchi ya Afrika. Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zilifuata mwezi uliofuata. Mwalimu hakudai kwamba kanuni ya Cairo imekufa. Alieleza kwamba dola ipo kwa ajili ya kuwalinda watu wake, na kwamba baada ya mauaji ya Waigbo kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, na mamia kwa maelfu ya watu kukimbilia mashariki, Waigbo hawakuwa na dola ya kuwalinda. Umoja, kwa maoni yake, hauwezi kulazimishwa kwa mabomu juu ya watu wanaoamini kwamba watauawa ndani ya umoja huo.

Je, alikosea? Wengi barani walisema amekosea, uhusiano na Lagos ukaharibika kwa muda, na Biafra ikasalimu amri Januari 1970. Wapo wanaosema utambuzi ule ulirefusha vita na kwa hiyo uliongeza njaa, na hatuwezi kuwaambia kwamba wamesema uongo. Hata hivyo, tukiisoma leo taarifa ya serikali ya Aprili 1968, tunakuta nchi inayojieleza: hili ndilo tuliloamini, hapa ndipo tulipojipinga wenyewe, na hizi ndizo sababu. Babu yako hakuweka picha ukutani kwa sababu Tanzania ilimpa bunduki. Aliiweka, tunadhani, kwa sababu nchi ya mbali iliona kwamba anauawa na ikasema hivyo kwa jina lake.

Je, kura ya nchi kama zetu inabadilisha nini, ikiwa watano wenye kura ya turufu ndio waamuzi? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Hubadilisha kidogo kuliko inavyopasa, lakini si bure. Tanzania imeketi katika Baraza la Usalama mara mbili ikiwa mjumbe asiye wa kudumu, mwaka 1975 hadi 1976 na mwaka 2005 hadi 2006. Januari 1976, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa zamu, baraza lilipitisha azimio namba 385 la kutaka uchaguzi huru Namibia chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini ililipuuza kwa miaka mingi, lakini uchaguzi wa Namibia ulipofanyika hatimaye, mwaka 1989, ulisimamiwa na Umoja wa Mataifa. Januari 2006, zamu ilipotufikia tena, baraza lilipitisha azimio namba 1653 kuhusu vikundi vyenye silaha katika Maziwa Makuu.

Na kwamba kura ndogo huonekana, wakubwa wenyewe wamethibitisha. Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti cha China katika Umoja wa Mataifa badala ya Taiwan kwa kura 76 dhidi ya 35, Salim Ahmed Salim, balozi kijana kutoka Pemba, alikuwa miongoni mwa walioipigania na kuishangilia waziwazi. Miaka kumi baadaye alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia raundi baada ya raundi, huku China ikimzuia mpinzani wake Kurt Waldheim, hadi wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa mtu wa Peru.

Kuhusu marekebisho ya baraza, Tanzania imesimama na msimamo wa pamoja wa Afrika uliokubaliwa mwaka 2005 na kuitwa Maelewano ya Ezulwini: viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, ikiwamo turufu, na vitano visivyo vya kudumu.

Sisi wavuvi wa Matema tukisikia redioni kwamba mpaka unaheshimiwa kama ulivyoachwa na wakoloni, tunajiuliza: mbona wakoloni hao ndio walioandika kwamba Ziwa Nyasa lote ni la Malawi? (Msomaji, Kyela)

Umegusa mahali ambapo hoja yetu ya Cairo inatugeukia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa upande wetu, na Malawi inashikilia maneno hayo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo kati ya Malawi na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya ziwa hilohilo, na inaongeza kwamba mkataba wenyewe uliacha nafasi ya mistari yake kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Mtu anayeishi hapo, anayechota maji na kutega nyavu hatua chache kutoka mlangoni, hawezi kuambiwa kwamba akilowesha miguu amevuka mpaka. Tunaamini haki iko upande wa Tanzania, ila tukiri kwamba ni haki inayosimama juu ya busara na sheria ya maji, na si juu ya kanuni ya Cairo peke yake.

Mgogoro ulipopanda joto mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, shauri lilikabidhiwa jopo la viongozi wastaafu wa kusini mwa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Wavuvi wa pande zote mbili wanaendelea kuuziana samaki, na hakuna jeshi lililoingia majini. Kwa mgogoro wa umri huo, hilo si jambo dogo.

Tanzania ina msimamo gani kuhusu silaha za nyuklia? (Msomaji, Iringa)

Inazipinga. Ni mwanachama wa Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo, ulioanza kutumika Julai 2009, na tarehe 26 Septemba 2019 ilitia saini mkataba wa dunia wa kuzipiga marufuku kabisa. Nchi zote zenye silaha hizo zimeukataa mkataba huo wa pili.

Mwanangu wa pili alikuwa Kongo na jeshi la Umoja wa Mataifa. Amerudi mzima, namshukuru Mungu, na bereti yake ya bluu ipo juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi. Wenzake hawakurudi. Watu wananiuliza alikwenda kupigania nini, nami sina la kuwajibu. (Mama, Songea)

Shikamoo mama. Tumeiacha barua yako iwe ya mwisho ili tuijibu bila haraka.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma huku walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwapo na wakitazama, kwa kuwa amri waliyokuwa nayo haikuwatosha. Aibu ile ndiyo iliyozaa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013, lililounda kikosi maalumu chenye ruhusa ya kuvishambulia vikundi vyenye silaha badala ya kungoja kushambuliwa. Kiliruhusiwa kuwa na askari 3,069, wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kufikia Novemba mwaka huohuo, jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi hicho lilikuwa limewaondoa M23 katika milima yao ya mwisho. Wakulima wa Rutshuru walirudi mashambani, na kwa miaka kadhaa M23 hawakuonekana.

Gharama yake mnaijua ninyi akina mama kuliko sisi tunaoandika. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa na watu wanaoaminika kuwa wa kundi la waasi la ADF, mapigano yakaendelea kwa saa nyingi, na vijana wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, wengine 7 walikuwa wameuawa Darfur.

M23 walirudi mwishoni mwa mwaka 2021. Desemba 2023 Tanzania ilipeleka tena askari, safari hii chini ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, lakini Goma ikaanguka Januari 2025 na Machi jumuiya ikaamua kuufunga ujumbe huo. Katikati ya hayo, tarehe 8 Februari, marais wa Afrika Mashariki na wa Kusini walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yasimame, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5, na mazungumzo ya amani ya Luanda na ya Nairobi yaunganishwe kuwa kitu kimoja. Lugha yao ilikuwa ya tahadhari kubwa. Majuma mawili baadaye Baraza la Usalama, kwa kauli moja, liliitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iache kuwaunga mkono M23 na iondoe majeshi yake Kongo.

Tunaielewa tahadhari ya Dar es Salaam. Malori ya Kigali na ya Lubumbashi yanapanga foleni katika bandari moja, Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, na anayetaka kuwaketisha watu meza moja hachagui maneno ya kumfukuza mmoja wao. Burundi ilipata amani yake kwa subira ya namna hiyo, katika mazungumzo ya Arusha yaliyoanzishwa na Mwalimu na kukamilishwa na Nelson Mandela, Agosti 2000. Lakini nchi iliyopeleka watoto wake kufa katika ardhi fulani imepata haki ya kusema kwa sauti ni nani anayeichoma ardhi hiyo. Tungependa kuisikia sauti hiyo.

Basi mama, wakikuuliza tena, waambie kwamba alikwenda kusimama kati ya watu wenye bunduki na wanakijiji wasio na chochote, na kwamba hakwenda kwa amri ya mtu mmoja bali kwa azimio namba 2098, ambalo lipo kwa yeyote anayetaka kulisoma. Wakiuliza kwa nini waasi walirudi, swali hilo halikuhusu wewe wala yeye. Walipeleke kwa mbunge wao.